Kosa la Digrii Moja

Aprili 1844, James Prescott Joule wa Manchester alizamisha kipimajoto chake cha zebaki katika barafu inayoyeyuka, akaandika mahali zebaki iliposimama. Hapo ndipo sifuri yake. Joule hakuwa mtu wa kukadiria. Kazi iliyompa jina, ya kuonyesha kwamba joto na kazi ni kitu kimoja katika sura mbili, ilitegemea kusoma mabadiliko ya joto madogo mno, sehemu ndogo za digrii, na kipimajoto kisichoaminika kingeibomoa yote. Kwa hiyo Februari 1846 alikirudisha kwenye barafu. Zebaki ilisimama juu kidogo ya alama ya awali. Alipima tena 1848, kisha 1853, kisha kila baada ya miaka michache, kipimajoto kilekile, barafu ileile ya maji safi, hadi Desemba 1882. Katika miaka hiyo zaidi ya 38 sifuri ilipanda kwa karibu digrii moja ya Fahrenheit, na zaidi ya theluthi ya mwendo huo ilikuwa ya miaka miwili ya kwanza.

Barafu huyeyuka katika joto lilelile siku zote, na zebaki haikuwa imeongezeka. Kilichobadilika ni kioo. Tungi dogo lililobeba zebaki lilikuwa likisinyaa mwaka hadi mwaka na kuisukuma zebaki ipande kwenye mrija, ingawa kipimajoto kilikaa katika joto la kawaida la chumba, mamia ya digrii chini ya joto linalolainisha kioo. Kwa macho ya mtu wa karne ya 19, kioo kilichopoa kilikuwa kitu kilichokwisha kutulia. Vipimo vya Joule vilisema kwamba ndani yake bado kulikuwa na kitu kinachotembea.

Mafundi wa vipimajoto walikuwa na kero nyingine, ya ghafla zaidi. Chukua kipimajoto kilichotulia, soma sifuri yake, kiweke kwenye mvuke wa maji yanayochemka kwa nusu saa, kisha kirudishe haraka kwenye barafu. Safari hii zebaki inashuka chini ya sifuri. Tungi lilitanuka kwa joto, na lilipopoa halikurudi mara moja kwenye ukubwa wake wa mwanzo. Hurudi kwa siku, hata kwa wiki. Mtu anayepima joto la maji yanayochemka asubuhi na joto la chumba mchana anapata majibu mawili yasiyopatana kwa sababu kipimajoto chenyewe kinakumbuka mvuke wa asubuhi. Ulipofika mwongo wa 1870 kosa hilo lilikuwa limezidi katika vipimajoto vya Thuringia, jimbo la Ujerumani lililokuwa likiuza vipimajoto kila pembe ya dunia. Baya zaidi, vipimajoto vipya vilikuwa vibovu kuliko vya zamani. Katika ofisi ya vipimo ya Berlin, H. F. Wiebe alilinganisha vipimajoto vya umri mbalimbali. Kimoja kilichojulikana kwa jina la Humboldt, kilichotengenezwa kabla ya 1835, sifuri yake ilishuka kwa digrii 0.06 tu za Selsiasi. Kingine, cha 1878, kilishuka kwa digrii 0.65, zaidi ya mara kumi.

Mwaka 1883 Rudolf Weber, mkemia wa Berlin, alitaja chanzo. Ili kumwelewa inabidi tujue kioo kimetengenezwa na nini. Mchanga mweupe, yaani silika, ndio mwili wake, lakini silika peke yake inahitaji joto la kupita digrii 1700 ili iyeyuke. Tangu zamani mafundi huongeza alkali ili kulishusha joto hilo, na chokaa ili kioo kisiyeyuke kwenye maji. Alkali zilipatikana kwa njia mbili. Kusini, kando ya Bahari ya Mediterania, kulikuwa na soda: Warumi waliichimba Wadi Natrun nchini Misri. Ni ndugu wa magadi yetu, na Ziwa Magadi la Kenya, ambako Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, limelisha viwanda vya kioo vya nchi nyingi kwa soda ya aina hiyohiyo. Kaskazini mwa Ulaya, mbali na maziwa ya chumvi, mafundi walichoma miti ya misituni na kuchuja majivu yake wakapata potasi. Soda ina sodiamu. Potasi ina potasiamu. Kwa karne nyingi aina ya kioo ilifuata jiografia.

Karne ya 19 ilivuruga mpaka huo. Viwanda vya kemia viliifanya soda iwe rahisi kupatikana popote, na mafundi waligundua kwamba kioo chenye soda na potasi pamoja huyeyuka upesi na ni kilaini mikononi mwa mpulizaji. Wakachanganya. Weber alipochambua vioo vya vipimajoto aliona jambo lililo wazi kabisa: vile vyenye alkali moja, iwe soda au potasi, sifuri yao ilishuka kidogo; vile vyenye zote mbili kwa viwango vinavyokaribiana, sifuri ilishuka sana. Kipimajoto cha Humboldt kilikuwa na potasi karibu tupu, soda haikufika asilimia moja. Kile cha 1878 kilikuwa nazo zote mbili karibu sawa kwa sawa.

Jambo hili linastahili mshangao zaidi ya linavyopewa. Changanya rangi mbili upate rangi ya katikati. Changanya maji ya moto na ya baridi upate vuguvugu. Uzito wa kioo chenye alkali mbili huwa katikati ya uzito wa vioo viwili vya alkali moja, na jinsi kinavyopinda mwanga pia huwa katikati au karibu na katikati. Kwa kosa la kipimajoto, mchanganyiko haukukaa kati ya wazazi wake wawili. Ulitoka nje kabisa.

Aliyeyafanyia kazi matokeo ya Weber ni Otto Schott, mtoto wa ukoo wa watengeneza vioo vya madirisha wa Witten, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari huko Jena kuhusu kasoro katika utengenezaji wa vioo vya madirisha. Mei 1879 alimwandikia barua Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena na mshirika wa fundi wa hadubini Carl Zeiss, kumweleza kwamba ametengeneza kioo chenye lithiamu. Kioo hicho hakikufaa kitu kwa lenzi, lakini barua ilizaa urafiki, na mwaka 1884 Schott, Abbe, Zeiss na mwanawe Roderich walifungua maabara ya vioo mjini Jena. Serikali ya Prussia iliwasaidia kwa fedha, na sababu mojawapo ya msaada huo ilikuwa vipimajoto.

Schott alifanya kile ambacho mafundi wa kabla yake hawakukifanya: aliyeyusha vioo kimoja baada ya kingine, akibadili kiungo kimoja tu kila mara. Kioo alichokitia soda na potasi kwa viwango sawa, makusudi, kilitoa kosa la karibu digrii moja nzima. Kisha akatoa kioo namba 16 III, chenye soda asilimia 14 hivi, chokaa, zinki, alumina na boroni kidogo, pasipo potasi. Kosa likashuka hadi karibu digrii 0.05. Mirija yake iliwekewa mstari mwembamba wa zambarau ili mnunuzi akitambue, na katika miongo iliyofuata mstari huo ukawa alama ya kipimajoto cha kuaminika. Huko Sèvres, karibu na Paris, Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani nayo ilitumia vipimajoto vya kioo kigumu cha Ufaransa chenye soda na potasi kidogo sana. Tatizo la biashara likaisha.

Swali la kwa nini halikujibiwa. Schott alijua la kuepuka, na kwa kiwanda hilo lilitosha. Jibu lilikuwa limejificha katika tawi jingine la fizikia, kwa watu waliokuwa wakishughulika na umeme.

Mwaka uleule wa 1884, Emil Warburg wa Chuo Kikuu cha Freiburg alichapisha jaribio ambalo kwangu mimi ni miongoni mwa majaribio mazuri zaidi ya karne ile. Kila mtu alijua kwamba kioo ni kihami, ndiyo maana kilitumika kushikilia nyaya za simu. Ilijulikana pia kwamba kioo kikipashwa moto kinaanza kupitisha umeme. Warburg aliuliza nini hasa kinapita. Alichukua mrija wa kioo uliozibwa chini, akautia zebaki ndani, akauzamisha katika zebaki nyingine nje, akaupasha joto hadi karibu digrii 300 na kuunganisha betri. Mkondo ulianza vizuri, kisha ukafifia. Upande wa chanya, sodiamu ilikuwa imeondoka kwenye uso wa kioo na kuacha ngozi nyembamba ya silika isiyopitisha kitu. Akabadili: badala ya zebaki tupu upande wa chanya akaweka zebaki iliyoyeyushiwa sodiamu. Sasa mkondo haukufifia. Kila sodiamu iliyoondoka ilifuatwa na nyingine iliyoingia, na sodiamu iliyotokea upande wa pili ililingana na umeme uliopita, sawasawa na kanuni ya Faraday.

Maana yake ni kwamba ndani ya kitu kigumu, kinachoonekana kimetulia tuli, ioni za sodiamu zinatembea kutoka ukuta hadi ukuta huku silika ikibaki mahali pake. Warburg na mwenzake Tegetmeier waliendelea. Walijaribu kuingiza lithiamu mahali pa sodiamu ikakubali. Walijaribu potasiamu, ambayo ioni yake ni kubwa, na haikukubali. Hawakuwa na namna ya kujua wakati ule kwamba mkononi walikuwa na vipande vyote vitatu vya fumbo: lithiamu, sodiamu na potasiamu, ndogo, ya kati na kubwa, zikigombea nafasi katika kioo kimoja.

Mwaka 1925 ulileta mambo mawili. Robert Burt wa California alitumbukiza taa ya umeme iliyowashwa katika nitrati ya sodiamu iliyoyeyuka. Elektroni kutoka kwenye waya wa taa zilitua upande wa ndani wa kioo, zikazivuta ioni za sodiamu kutoka kwenye chumvi kupitia kioo kizima, na upande wa ndani pakatanda tabaka la sodiamu safi inayong'aa kama fedha. Balbu nzima, isiyo na tundu, ilijazwa metali kupitia ukuta wake wenyewe. Mwaka huohuo, Ujerumani, Gehlhoff na Thomas walichapisha vipimo vya umeme katika vioo ambavyo soda yake ilikuwa inabadilishwa kwa potasi hatua kwa hatua. Kioo cha soda kilipitisha umeme. Cha potasi kilipitisha pia, kwa kiasi kidogo. Katikati, palipokuwa na zote mbili, umeme ulikaribia kukatika.

Vipimo vya baadaye vilionyesha ukubwa wa jambo hili. Ukiacha jumla ya alkali vilevile na kubadili tu uwiano, kioo cha katikati katika joto la chumba kinaweza kupitisha umeme kidogo mara maelfu kuliko vioo viwili vya pembeni, na kwa jozi fulani hata mara laki. Kadiri ioni mbili zinavyotofautiana kwa ukubwa ndivyo shimo hili la katikati linavyokuwa refu: sodiamu na potasiamu hutoa shimo kubwa, lithiamu na sesiamu kubwa zaidi. Ukipandisha joto shimo linajaa taratibu, na katika kioo kilichoyeyuka hubaki dogo. Hakuna sifa nyingine ya kioo inayobadilika kwa kiasi hiki kwa kuchanganya tu viungo viwili vinavyofanana kikemia.

Ili kuelewa kwa nini, ilibidi kwanza ijulikane kioo kinafananaje ndani. Mwaka 1932 William Zachariasen, Mnorwe aliyefanya kazi Chicago, aliandika makala fupi iliyobadili fani nzima. Kioo, alisema, ni wavu wa atomi za silikoni na oksijeni zilizofungamana kama kwenye fuwele, kasoro mpangilio haujirudii. Ioni za alkali hukaa katika mianya ya wavu huo. Picha hii ilieleza umeme kwa urahisi: ioni imekaa kwenye mwanya, inatetemeka kwa joto, na mara mojamoja hupata nguvu ya kutosha kuruka hadi mwanya wa jirani. Joto likipanda, miruko huongezeka kwa kasi kubwa, na hii ndiyo sababu kioo cha dirisha katika digrii 300 kinapitisha umeme mamilioni ya mara zaidi kuliko katika joto la chumba.

Lakini picha hiyohiyo ilishindwa mbele ya alkali mbili. Ikiwa mianya ipo tu, imetapakaa ovyo, basi kubadili nusu ya sodiamu kwa potasiamu kungepaswa kubadili mambo kwa nusu. Wananadharia wakajaribu kila njia. Wengine walisema ioni mbili zisizofanana huvutana zikatulia kama jozi, kisha hazitaki kuachana. Mwaka 1972 Hendrickson na Bray walipendekeza kwamba ioni za uzito tofauti huathiriana kupitia mitetemo yao ya umeme. Kila nadharia ilieleza kitu na kuacha kitu. J. O. Isard wa Sheffield alipokusanya maarifa yote mwaka 1969, katika juzuu la kwanza la jarida la vitu vigumu visivyo fuwele, na Delbert Day wa Missouri alipofanya hivyo tena 1976, walichoweza kutoa kwa uhakika ni orodha ndefu ya dalili, bila ugonjwa.

Dalili moja katika orodha ile ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa ilirudisha vipimajoto mezani. Ukikipinda kijiti cha kioo cha alkali moja na kukiachia, hutetemeka muda mrefu. Kioo cha alkali mbili hunyonya mtetemo huo kwa nguvu katika joto fulani, kwa sababu kikivutwa, ioni kubwa na ndogo ndani yake hubadilishana nafasi taratibu ili kupunguza mkazo. Sodiamu ikibadilishana na sodiamu, hakuna kilichobadilika. Sodiamu ikibadilishana na potasiamu, sehemu moja ya kioo imevimba na nyingine imenywea. Day na wanafunzi wake walipima kwa makini uhusiano kati ya mwendo wa ioni na mtetemo huu. Hapo tungi la kipimajoto likaeleweka: likiwa kwenye mvuke, ioni zake mbili hujipanga kwa namna inayofaa joto hilo, likitiwa kwenye barafu ghafla, zinabaki zimekwama katika mpangilio wa moto, na kwa kuwa katika mchanganyiko zote mbili ni nzito kuondoka, hurudi kwa siku nyingi. Weber na Warburg, wakiandika ndani ya miezi ya kufuatana, mmoja juu ya zebaki na mwingine juu ya betri, walikuwa wanatazama ioni zilezile.

Uthibitisho ulihitaji kuifuata kila ioni peke yake. Umeme unapima jumla. Hauwezi kusema nani alitembea. Kwa hiyo wanasayansi walitumia sodiamu na sesiamu nururifu: paka kidogo juu ya uso wa kioo, pasha moto kwa muda, kisha kwangua tabaka kwa tabaka na upime mnururisho umefika kina gani. Vipimo vilivyofanywa Argonne, Illinois, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye vioo vya sodiamu na sesiamu vilikuwa wazi. Sodiamu ni ya haraka katika kioo cha sodiamu, na kila unapoongeza sesiamu inazidi kupunguza mwendo. Sesiamu nayo ni ya haraka katika kioo cha sesiamu, na kila unapoongeza sodiamu inazidi kuzembea. Kila ioni ni mgeni katika nchi ya mwenzake. Mahali mistari miwili inapokutana ndipo umeme unapokaribia kukatika. Hakuna ioni iliyofungwa na kamba. Zote mbili zimekosa njia.

Wakati huohuo mashine kubwa za eksirei, kwanza Orsay nchini Ufaransa na kisha Daresbury nchini Uingereza, zilimwezesha Neville Greaves kuchungulia ujirani wa atomi moja moja. Matokeo yake ya 1981 na ya miaka iliyofuata yalivunja dhana ya mianya iliyotapakaa ovyo. Sodiamu katika kioo ina ujirani wake maalumu, umbali wake maalumu hadi oksijeni za kandokando. Potasiamu ina wa kwake, mpana zaidi. Na zikichanganywa katika kioo kimoja, kila moja inabaki na ujirani wake uleule, kana kwamba mwenzake hayupo. Alkali hazikai katika mianya iliyoachwa wazi. Zinaijenga.

Kutoka hapo Armin Bunde na Philipp Maass wa Ujerumani pamoja na Malcolm Ingram wa Aberdeen, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliandika nadharia ambayo naiona ndiyo iliyofungua mlango. Fikiria godoro la sufi ambalo mtu amelilalia miaka: lina bonde la umbo lake. Akiondoka, bonde linabaki kwa muda, na mtu wa umbo lilelile akija anaingia humo bila shida. Mwenye umbo jingine hapati raha mpaka alifinyange upya. Ioni ya sodiamu inapoondoka huacha nyuma nafasi ya umbo la sodiamu, na sodiamu nyingine inayopita karibu huitumia kwa gharama ndogo ya nguvu. Katika kioo cha alkali moja nafasi hizi huungana zikawa njia zinazojitunza zenyewe, kwa kuwa wanaozipita ndio wanaozitengeneza. Katikati ya njia hizo weka potasiamu. Sasa nafasi ya mbele ya sodiamu mara nyingi ni ya umbo la potasiamu, na kuingia humo kunahitaji kusukuma wavu mzima wa silika ulegee. Njia ya kila mmoja inakatwa na nafasi za mwenzake. Mwaka 2003 Jan Swenson na Stefan Adams walitumia kompyuta kujenga mifano ya vioo hivi kutokana na vipimo halisi vya miale, wakafuatilia njia zilizo wazi kwa kila ioni, na wakaona hivyohivyo: ioni mbili zimechanganyika bila mpangilio, kila moja ina njia zake, na njia za moja huzibwa na nyingine. Kwa kuwa njia ni nyembamba, kizibo kimoja hufunga kipande kirefu.

Naipenda nadharia hii kwa sababu haihitaji nguvu yoyote ya ajabu kati ya ioni. Uzito na upinde wa mwanga hujali tu nani yumo na kwa kiasi gani, hivyo hukaa katikati. Umeme, mtetemo na kosa la kipimajoto hujali nani anaweza kwenda wapi.

Viwanda havikuisubiri nadharia. Katika shina la taa ya umeme, nyaya mbili zinapita karibu karibu ndani ya kioo chenye moto, na ioni zikitembea kati yake, kioo kinaharibika na taa inakufa. Watengenezaji walitumia kioo cha risasi chenye soda na potasi pamoja, kwa kuwa walijua kinazuia umeme. Televisheni za chogo zilizokuwa katika kila sebule ya miji yetu mpaka miaka ya karibuni zilibeba volti elfu 25 na zaidi ndani ya kioo chake. Kioo cha mbele kilikuwa na soda asilimia 7 au 8 na potasi kiasi kilekile, uwiano ambao Schott angeukimbia. Kilichoharibu kipimajoto kililinda televisheni.

Na mwendo ule wa polepole aliouona Joule umepimwa tena kwa vifaa ambavyo yeye asingeviota. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya vioo ya Corning, Marekani, walichapisha vipimo vya bamba la kioo cha Gorilla lenye upana wa mita moja walilolitazama kwa mwaka mmoja na nusu katika joto la chumba. Lilikuwa likisinyaa kwa sehemu chache za milioni, haraka mwanzoni na polepole baadaye. Kioo hicho kina sodiamu na potasiamu pamoja, na maelezo yaliyotolewa yalielekeza kwenye ioni hizo.

Kioo cha Gorilla ndicho kinachofunika simu nyingi tangu 2007, na ugumu wake unatokana na badiliko ambalo Warburg na Tegetmeier walilijaribu bila mafanikio. Mwaka 1962 Samuel Kistler alionyesha kwamba potasiamu ikiingizwa mahali pa sodiamu karibu na uso tu wa kioo, ule msukumano wa ioni kubwa katika nafasi ndogo unaukaza uso badala ya kuuvunja, na ufa unashindwa kuanza. Kioo hutumbukizwa katika tangi la nitrati ya potasiamu iliyoyeyuka, karibu digrii 400. Potasiamu inaingia, sodiamu inatoka, na katika tabaka ambalo zimekutana nusu kwa nusu zote mbili hutambaa. Ndiyo maana kioo hukaa humo saa kadhaa ili potasiamu ifike kina cha makumi machache ya mikromita. Vioo vipya zaidi huanza na lithiamu ndani na kuzamishwa katika nitrati za sodiamu na potasiamu: sodiamu, iliyo karibu na lithiamu kwa ukubwa, inapenya zaidi ya mikromita 100, na potasiamu inabaki karibu na uso, ambako fundi anaihitaji.